Nakala Halali ya Kwanza

Diski ilikuwa inabanduka. Ilianza ukingoni, doa dogo kama punje ya mchele, na baada ya miezi mitatu punje ile ikawa kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Ukiishika juani, mwanga ulipenya hapo kama unavyopenya kwenye tundu la pazia. Kihongo hakuwa fundi wa vitu hivi, lakini kitu kinachooza alikuwa anakijua akikiona.

Diski ile ilikuwa na filamu ya saa moja na nusu, mbaya sana, iliyopigwa mtaani kwao na mtu aliyekuwa na kamera moja na mashemeji wengi. Jalada lake lilikuwa na picha ya jamaa mnene anakula ugali. Hakuna aliyeinunua. Kihongo na mkewe Mwanaheri walikuwa nayo kwa sababu binti yao, Riziki, aliigiza humo kama mfanyakazi wa ndani, akapewa diski moja iwe ahsante yake.

Riziki anaonekana kwa dakika nne na sekunde kumi. Kihongo alizipima kwa saa ya mkononi. Anafungua geti na kusema, "Karibu shangazi, wamo ndani." Anaingia sebuleni na sinia na kusema, "Baba, chakula tayari." Anaosha vyombo, sahani inamponyoka kwelikweli, jambo ambalo halikupangwa na mtu, naye anacheka, na mwenye kamera akaacha hivyo hivyo. Mwishoni kabisa anafukuzwa kazi. Anatoka na begi lake, anageuka getini na kusema, "Mtanikumbuka kwa mchuzi wangu." Maneno kumi na moja na kicheko kimoja. Basi.

Kila Ijumaa saa kumi alasiri waliiweka kwenye deki. Yule jamaa mnene akiambiwa chakula tayari alikuwa haitiki, anaguna tu kama ng'ombe. Mara ya kwanza Mwanaheri alikasirika. "Mtu anaandaliwa chakula na bado haitiki," alisema, na toka siku hiyo akawa anaitika yeye. Riziki akisema chakula tayari, Mwanaheri hujibu pale pale kwenye mkeka, "Haya, mwanangu." Kisha filamu inaendelea.

Riziki mwenyewe alipotea kwenye foleni ya sukari, na jambo hili inafaa lielezwe vizuri ili serikali isisingiziwe. Mwaka ule ilitangazwa redioni kwamba sukari ipo tele na hakuna foleni mahali popote nchini. Riziki hakuwa na tabia ya kusikiliza redio asubuhi. Alichukua kikapu akaenda kupanga foleni. Askari walikuja kuiondoa, wakaiondoa vizuri sana. Kwa kuwa foleni haikuwapo, hakukuwa na mtu ndani yake, na kwa kuwa hakukuwa na mtu ndani yake, hakuna aliyekufa. Watu arobaini na watatu hawakufa asubuhi ile. Wiki iliyofuata maafisa walipita nyumba kwa nyumba, kwa adabu kabisa, wakikusanya picha, vyeti vya kuzaliwa na sare za shule za watu ambao hawakuwahi kuwapo, ili wazazi wasije wakachanganyikiwa. Kwa Kihongo walichukua picha tisa. Diski waliishika, wakamwona jamaa mnene anakula ugali, wakairudisha juu ya meza.

Majirani nao ni watu waelewa. Kuwa mama wa mtu ambaye hakuwapo lilikuwa kosa, kwa hiyo Mwanaheri hakuitwa tena Mama Riziki. Kwanza walimwita Mama Nanii. Baadaye wakawa wanakohoa tu, naye anageuka.

*

Fundi Tunu alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na deki nyuma ya posta. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani imefungwa kwa waya wa shaba. Aliigeuza diski mara mbili chini ya taa.

"Diski husomwa kutoka katikati kwenda nje, Baba Riziki," alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa mtu wa mwisho katika mji ule kumwita jina hilo. "Ugonjwa huu umeanzia nje. Utaanza kula mwisho wa filamu. Mwisho kuna nini?"

"Anatoka getini."

"Basi atatoka moja kwa moja, tukichelewa."

Akamweleza habari za programu za kunakili, maana amezijaribu nyingi. Iko moja ina mbio lakini haina subira, ikifika penye mkwaruzo inaruka. Iko nyingine inabana filamu ili ienee, na katika kubana inatupa inachoona hakina maana. Yake yeye ilikuwa ya zamani, isiyo na jina, polepole kama maharage kwenye moto mdogo, lakini ilikuwa na tabia moja nzuri: ikifika mahali pabovu inarudi kusoma tena, mara ishirini, mara hamsini, mpaka ipate kitu. Ingechukua nusu saa. Kihongo akae pale kwenye kigoda anywe chai, ataondoka na diski mbili.

Tatizo lilikuwa sheria. Sheria ya nchi ile ilimpa kila raia haki ya nakala moja ya akiba ya diski aliyonayo, kwa matumizi ya nyumbani kwake. Ukurasa uliofuata ulisema kwamba kila diski ina kufuli la kuzuia kunakili, na kwamba anayefungua kufuli anakwenda jela. Wananchi waliuliza mtu anawezaje kunakili kitu kilichofungwa bila kukifungua. Serikali sikivu ikaliona hilo, ikaunda Kamati ya Taifa ya Kulinganisha Programu za Kunakili, ili itafute programu moja itakayonakili diski iliyofungwa ikiwa imefungwa vile vile. Kamati ilikuwa katika mwaka wake wa kumi na moja. Wakati ikiendelea kutafuta, mtu wa mtaa wa pili alifungwa miaka minne kwa kunakili harusi yake mwenyewe.

Kihongo akasema hapana. Alitaka nakala yenye mhuri wa Kamati.

"Mhuri hauonyeshi picha," Tunu akamwambia.

Kihongo akajibu kwamba nakala isiyo na mhuri itachukuliwa siku ya ukaguzi, na kinachofuata baada ya kuchukuliwa ni maswali. Halafu akasema jambo alilokuwa analiamini kweli. Yeye alikuwa mpima pamba wa serikali kwa miaka ishirini na miwili, na anajua kwamba kitu kikipimwa mbele ya mwenyewe, macho yakiona, hakiwezi kudhulumiwa. Ofisi ya Kamati inalinganisha mbele ya mwenye diski. Tangazo lilisema hivyo.

Tunu alivua miwani akaifuta. "Marehemu baba yangu alikuwa analeta magunia kwako," alisema. "Naye yalikuwa yanapimwa mbele yake."

Alimrudishia diski ikiwa imefungwa kwenye kipande cha kanga kama alivyoileta.

*

Ofisi ya Kamati ilikuwa katika jengo la zamani la ghala la pamba, lilelile alilofanyia kazi, na jambo hilo lilimpa Kihongo faraja. Hata mizani yake kubwa ya kuning'iniza ilikuwapo bado, imepakwa rangi ya dhahabu, imewekwa ukumbini kuwa nembo. Mkurugenzi, Mheshimiwa Lubangula, alikuwa ndiye meneja wa ghala lile zamani. Pamba ilipokwisha nchini hakuachishwa kazi. Alihamishiwa kwenye teknolojia.

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Kihongo aliishia darasa la tano, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kwa sababu ya miaka mingi ya kuandika majina juu ya magunia, na aliijaza bila haraka. Swali la tisa lilisema: Taja fundi mmoja unayemwamini. Akafurahi. Alidhani wanatafuta watu wa kuwapa kazi, na Tunu alikuwa anastahili. Akaandika jina lake lote, na mahali kibanda kilipo, na kwamba anafunga saa kumi na mbili.

Swali la kumi na nne lilisema: Je, katika filamu hii yumo mtu unayemfahamu?

Hapo kalamu ilisimama. Karani, kijana mpole, akamfafanulia kwamba ukijibu ndiyo, diski itapelekwa kwanza Ofisi ya Watu kuhakikisha kwamba mtu huyo yupo. Ikiwa yupo, hakuna shida. Kihongo akaandika: Hakuna.

Mheshimiwa Lubangula alimpokea mwenyewe, akamshika mkono kwa mikono miwili. Akamwambia kwamba ana bahati kubwa. Kwa miaka kumi na moja Kamati ililinganisha programu tatu bila kutumia diski yoyote, kwa sababu ya haki, maana diski ingeweza kupendelea programu mojawapo. Walilinganisha majina yao, uzito wa makasha yao na tabia za waliozileta. Sasa wafadhili walikuwa wameanza kuuliza maswali, na Kamati, baada ya vikao sitini, ilikubali kutumia diski moja. Ndiyo hii.

"Nchi nyingine," Mheshimiwa alisema, akisimama kana kwamba ukumbi umejaa, "wanalinganisha programu kwa kuuliza ipi inanakili vizuri. Huo ni utoto. Sisi tunatazama usawa. Nakala ikiizidi asili, imeidharau. Asili ikiizidi nakala, basi nakala ni ya uongo na mwananchi ameibiwa. Zikiwa sawasawa, hapo ndipo mhuri unagongwa, na hapo ndipo mwananchi analala."

Kihongo aliona ni maneno ya maana. Hata kichwa alitikisa.

*

Programu ya kwanza iliitwa Pacha. Wajumbe kumi na saba wa Kamati walikaa mstari wa mbele wakinywa chai, na nyuma yao, kwenye benchi, alikaa Kihongo peke yake kwa niaba ya wananchi. Mitambo iliendeshwa na Afisa Mlinganishaji Shomvi, mtu mkimya mwenye mikono safi sana.

Pacha ilimaliza kazi kwa dakika nne, wajumbe wakapiga makofi. Kisha nakala ikaonyeshwa kwenye pazia kubwa ukutani. Ilikwenda vizuri mpaka mwishoni, mwenye nyumba aliponyoosha kidole na kumwambia mfanyakazi wake atoke. Ilipofika penye doa, Pacha iliruka. Pazia likawa jeusi.

Wakaweka asili. Nayo ikaenda, ikafika penye kidole, ikasita, ikakwama kidogo, ikaendelea. Riziki alibeba begi lake. Kihongo alikuwa hajawahi kumwona hivyo, mrefu kuliko mlango, pua yake kubwa kama kiti. Akageuka getini, akasema atakumbukwa kwa mchuzi wake. Mjumbe mmoja alicheka.

"Asili imezidi," alisema Mheshimiwa Lubangula. "Sekunde hamsini."

Shomvi akafungua droo, akatoa kifaa kidogo cha chuma chenye ncha bapa.

Kihongo aliielewa kanuni ile kabla hajaelezwa. Ghalani, mkulima akileta magunia mawili yaliyoandikwa uzito mmoja, na moja likawa zito kuliko jingine, mpimaji hupunguza lile zito mpaka yawe sawa. Kinachopunguzwa kinakwenda kwenye kona ya serikali. Kwa miaka ishirini na miwili Kihongo alipunguza. Hakuwahi hata mara moja kuongeza kwenye lile jepesi. Na yote aliyafanya mbele ya mwenyewe.

Alisimama. Aliuliza, kwa heshima, kama si afadhali nakala ndiyo iongezwe.

Wajumbe walicheka kwa upole, kama watu wazima wanavyomcheka mtoto.

"Iongezwe kutoka wapi, mzee wangu?" aliuliza Mheshimiwa.

Hilo lilikuwa jibu la Kihongo mwenyewe. Alikuwa akiwapa wakulima kwa maneno hayo hayo na sauti hiyo hiyo. Alikaa.

Shomvi alikwangua ukingo wa diski taratibu, akipuliza vumbi la fedha lisimwingie puani. Zilipoonyeshwa tena zilikuwa sawa kabisa, zote zikikatika penye kidole. Lakini Pacha haikushinda. Kamati iliona ina haraka mno, na mtu mwenye haraka ana jambo.

Kihongo aliomba kuichukua diski yake aende nayo nyumbani, ile iliyobaki ilikuwa inamtosha. Akasomewa kanuni ya saba: sampuli ikishapanda kwenye mizani haishuki mpaka kazi iishe, na mwenyewe akiishusha kwa nguvu inakuwa mali ya taifa. Kanuni ya saba pia alikuwa anaifahamu. Ilikuwa ya pamba, ikabadilishwa neno moja.

*

Akirudi nyumbani alipitia nyuma ya posta. Kibanda cha Tunu kilikuwa kimepigiliwa mbao, na juu ya mbao kuna karatasi: KIMECHUKULIWA KWA AJILI YA KULINGANISHWA.

Mama muuza vitumbua wa pembeni alisema walikuja juzi na gari. Walichukua kompyuta, wakachukua waya, wakamchukua na Tunu mwenyewe. Walikuwa na karatasi yenye jina lake. Yeye aliiona, maana waliiweka juu ya meza yake wakati wanakula vitumbua ambavyo hawakuvilipia.

"Mwandiko mzuri huo, baba," alisema. "Umenyooka kama wa kwenye magunia. Wameandika mpaka saa anayofunga."

Kihongo alimwuliza kama Tunu aliacha ujumbe. Yule mama akakohoa, akageuza vitumbua vyake.

Nyumbani Mwanaheri aliuliza wamefikia wapi. Akamwambia wanalinganisha. Ilikuwa Ijumaa. Mwanaheri alikuwa ameshatandika mkeka mbele ya televisheni, akautazama kwa muda, kisha akaukunja.

*

Programu ya pili iliitwa Kivuli, na ilikuwa ya akili nyingi. Ilinakili yaliyo muhimu tu. Muhimu maana yake ni wale ambao majina yao yameandikwa mwanzo wa filamu. Jina la Riziki halikuandikwa, kwa sababu mwenye kamera aliishiwa nafasi baada ya kuwaandika mashemeji zake.

Kihongo aliitazama nakala ile bila kupepesa. Geti lilijifungua lenyewe, na sauti ya binti ikatoka hewani, "Karibu shangazi, wamo ndani." Sinia liliingia sebuleni likielea, limebeba bakuli mbili na jagi, likatua mezani. "Baba, chakula tayari," sinia lilisema. Yule jamaa mnene aliguna, akala. Jikoni vyombo vilijiosha vyenyewe. Sahani ikaanguka, na pale ilipoangukia pakawa na kicheko.

Wajumbe waliipenda sana. Mmoja alisema ndivyo watumishi wanavyotakiwa kuwa.

Wakaweka asili, na kwenye asili yumo msichana. Mheshimiwa Lubangula aliinua mkono, filamu ikasimama Riziki akiwa amebeba sinia, anaanza kufungua mdomo.

"Huyu," alisema Mheshimiwa, "ndiye ziada."

Shomvi alisema kazi hii haitafaa kwa bapa, inataka sindano na kioo cha kukuzia, na itachukua siku tatu, maana itabidi amfuate sehemu kwa sehemu. Kisha, labda kwa sababu mikono yake ilikuwa safi na alipenda ibaki hivyo, akasema kwa sauti ndogo kwamba iko njia ya kumwacha. Kanuni ya thelathini inasema mtu wa ziada anaweza kubaki katika asili akiwa na ndugu atakayemdai kwa kinywa chake.

Mheshimiwa akageuka kwenye benchi. Hakuwa mkali. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusaidia.

"Mzee Kihongo. Fomu yako inasema hakuna. Lakini mtu anaweza kusahau. Msichana huyu unamjua?"

Kwenye pazia Riziki alikuwa na urefu wa mita tatu. Alimtazama baba yake juu ya bakuli mbili na jagi, mdomo ukiwa nusu wazi. Kihongo alifikiria kusema. Akafikiria Ofisi ya Watu, ambayo itauliza yuko wapi sasa, na akisema amekufa watauliza wapi, na akisema wapi atakuwa amesema kulikuwa na foleni. Akamfikiria Mwanaheri peke yake na mkeka uliokunjwa. Alifikiria yote hayo kwa muda mfupi, kama mpimaji anavyosoma sindano.

"Simjui," alisema.

Shomvi akainama kwenye droo kutafuta sindano.

Siku tatu Kihongo alikuwa anafika asubuhi na kukaa kwenye benchi, maana kazi inafanywa mbele ya mwenyewe. Siku ya kwanza ilikuwa mikono. Siku ya pili nguo na miguu. Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, uso.

Kivuli nayo haikushinda. Ilibainika kwamba imeacha sauti ya mtu asiyeonekana, na jambo hilo lingeweza kuwatia wananchi hofu.

*

Programu ya tatu iliitwa Mwaminifu, na ililetwa na mkwe wa Mheshimiwa Waziri. Kasha lake lilikuwa zito kuliko ya wenzake wote. Ilipowashwa ilipiga wimbo wa taifa, Kamati ikasimama, wimbo ukaisha, na diski mpya ikatoka ikiwa imepigwa rangi tatu na jina la filamu kwa herufi za dhahabu.

Ndani haikuwa na kitu. Waliitazama nakala ile saa moja na nusu nzima, pazia jeusi, wajumbe wakiwa wametulia kama msikitini. Ilipokwisha, mjumbe mzee kuliko wote alitoa maoni kwamba katika miaka kumi na moja hajaona programu isiyokosea hata sehemu moja. Hakuna iliporuka. Hakuna ilipotupa mtu. Haina sauti ya kutisha. Na kufuli, kwa mujibu wa sheria, halikuguswa.

Kura zilikuwa kumi na saba kwa sifuri.

Kilichobaki ni asili kusawazishwa. Kihongo hakusimama safari hii, na hakuuliza kitu. Shomvi aliichukua diski, na badala ya bapa au sindano alichukua kitambaa na chupa ya dawa, akaifuta kwa mizunguko, kutoka nje kuja katikati. Yule jamaa mnene aliondoka, mashemeji wakaondoka, geti likaondoka. Diski ikabaki angavu kama chupa ya maji. Ungeweza kusoma gazeti kupitia kwake.

Hafla ilifanyika Jumatano uwanjani. Shule zilifungwa ili wanafunzi waje kushangilia. Mheshimiwa Waziri alisema nchi imeingia kwenye orodha ya mataifa machache ambayo raia wake wana nakala ya akiba iliyo sawa na asili kwa asilimia mia, na kwamba wenye wivu watasema. Bendi ya polisi ikapiga. Kihongo aliitwa jukwaani akakabidhiwa Nakala Halali ya Kwanza, pamoja na asili yake, kila moja ikiwa na mhuri. Akaombwa aseme machache. Alikaribia kipaza sauti, akashukuru kwamba kazi imefanywa mbele yake. Watu wakapiga makofi sana.

Akishuka ngazi, Shomvi alimshika kiwiko. Alisema Tunu amelinganishwa wiki iliyopita. Hakusema na nini. Kihongo hakuuliza nani alizidi.

*

Ijumaa saa kumi Mwanaheri alitandika mkeka. Alikuwa amefuta vumbi kwenye televisheni na kujifunga kanga nzuri. Kihongo aliiweka nakala kwenye deki, kwa sababu alishindwa kupata namna ya kutokuiweka.

Mwanaheri alitazama kioo cheusi. Kwa dakika tano za mwanzo alidhani ni deki. Baadaye alielewa, lakini hakuinuka. Kihongo alisubiri aulize, akawa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa lile aliloulizwa.

"Walimweka kwenye pazia kubwa?"

"Walimweka."

"Alikuwaje?"

"Mrefu kuliko mlango."

Mwanaheri alitikisa kichwa taratibu, kama anayempima. "Uliwaambia ni wako?"

Nje mtu alikuwa anatwanga. Kihongo alitazama mikono yake, akatazama deki, ambayo ilikuwa inazunguka na kuhesabu dakika kwa namba zake za kijani. Ishirini na tisa. Thelathini. Mwanaheri hakurudia swali. Wakakaa hivyo, watu wawili mbele ya kioo ambamo walijiona wenyewe kwa mbali, weusi juu ya weusi.

Namba zilipofika thelathini na nane, pale sinia lilipokuwa likiingia, Mwanaheri aliinua uso.

"Haya, mwanangu," alisema.

Kihongo alikuwa mtu wa mizani na alizoea kujumlisha kazi inapokwisha. Alijumlisha. Picha tisa za mwanzo, hizo zilichukuliwa bila yeye kuulizwa, hakuzitia. Sekunde hamsini za getini, zilizokwanguliwa. Sekunde mia mbili za mwili na uso, zilizotobolewa kwa siku tatu. Maneno kumi na moja: manne yalikwenda na ukingo, saba yakafutwa kwa kitambaa. Kicheko kimoja. Fundi mmoja, aliyeandikwa kwa mwandiko mzuri pamoja na saa anayofunga. Na upande wa pili wa mizani, neno moja tu, ambalo hakuna aliyelikwangua wala kulifuta, na ambalo alilisema yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya macho yake: simjui.